Tunalima Tusichokinywa

Kwa miaka thelathini na kitu niliandika ubaoni sentensi moja, mwaka baada ya mwaka, kwa mwandiko ule wa mviringo tuliofundishwa chuo cha ualimu: "Zao la biashara ni lile linalolimwa kwa ajili ya kuuzwa." Chini yake nilipanga kahawa, pamba, katani, korosho, chai, tumbaku na pareto. Upande wa pili wa ubao niliandika mazao ya chakula: mahindi, maharage, ndizi, mihogo. Katikati nilipiga mstari ulionyooka kwa rula. Watoto walinakili, mtihani ulipokuja wakaulizwa, wakajibu, wakapata alama zao. Nami nikastaafu nikiamini kuwa somo lile nililifundisha vizuri.

Leo nasema kwamba mstari ule wa katikati ulikuwa na madhara makubwa, na kwamba mimi ni mmoja wa walioueneza. Tuliwafundisha watoto wa milimani kwamba kuna vitu vinavyoota katika mashamba ya baba zao ambavyo si vya kinywa chao. Wakaamini. Wakakua wakiamini. Sasa ni watu wazima wenye mashamba, na bado wanaamini.

Nakumbuka mtoto mmoja wa kike, darasa la tano. Ilikuwa msimu wa kuvuna, na asubuhi ile tulikuwa tumetoka kuchuma kahawa katika shamba la shule, kwa maana tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 kila shule iliyoweza ilikuwa na shamba lake. Vidole vya watoto vilikuwa bado vinanata. Akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, kahawa ina ladha gani?" Nikamjibu, "Kaa chini. Hilo halimo katika somo." Akakaa. Ukweli, ndugu msomaji, ni kwamba sikuwa na jibu. Nilizaliwa Vudee chini ya migomba iliyochanganywa na mibuni, nikalipiwa ada kwa kahawa, nikavaa viatu vyangu vya kwanza kwa kahawa, na wakati ule sikujua ladha ya ile iliyotoka shambani kwetu. Nilikuwa nimekunywa ya mkebe tu, kijiko kimoja katika maji ya moto na sukari vijiko vitatu, nyumbani kwa mkaguzi wa elimu.

Baba yangu naye hakuijua. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo, na nitaueleza.

Baba alikuwa mkulima hodari. Alijua kupogolea, alijua kunyunyizia mrututu dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, alijua tunda likiwa jekundu kiasi gani ndipo lichumwe. Alimenya kwa mashine ya mkono ya kuazimana, akavundika, akaosha kwa maji ya mfereji, akaanika juu ya kichanja na kuifunika kila ukungu uliposhuka. Mwaka mmoja, nikiwa likizo kutoka chuoni, tulibeba magunia mawili hadi ghalani. Mpokeaji akaingiza mkono ndani ya gunia, akanusa, akakunja uso, akasema, "Hii imevunda kupita kiasi. Daraja la chini." Baba akasimama kimya. Tukachukua fedha za daraja la chini tukaanza kupanda mlima. Njiani nikamwuliza, "Baba, mbona hukubisha?" Akasema, "Nitabishaje, mwanangu? Mimi sijawahi kuinywa."

Sidai kwamba mpokeaji yule alimdhulumu. Huenda kahawa ilikuwa imevunda kweli. Siku mbili katika karo zikigeuka tatu, harufu inabadilika. Lakini tazama mzani ulivyokaa. Upande mmoja yuko mtu anayejua ladha, upande wa pili yuko mtu anayejua kazi. Yule anayejua ladha ndiye anayetaja bei. Mama anayeuza maharage gulioni huwezi kumwambia kuwa maharage yake hayaivi, kwa sababu jana ameyapika makande na watoto wake wamekula wakashiba. Atakucheka mbele ya watu. Mwenye kahawa hana kicheko hicho.

Kisa kilichonifanya nishike kalamu ni cha juzijuzi. Nilikwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, na mjukuu wangu akanipeleka mahali penye viti virefu na kiyoyozi. Akaagiza vinywaji viwili. Vikaletwa katika vikombe vya plastiki vyenye vipande vya barafu, rangi ya maji ya mto baada ya mvua. Nikauliza, "Hii ni nini?" Akasema, "Babu, hii ni kahawa ya baridi. Haichemshwi. Inalowekwa usiku kucha, inachujwa asubuhi." Nikaionja. Haikuwa na ule uchungu unaokwaruza koo, ilikuwa laini, na mwishoni ikaacha utamu mdogo kama wa tunda. Nikauliza imetoka wapi. Kijana wa dukani akasoma kikaratasi: milima ya kaskazini mwa Tanzania. Nikauliza bei. Shilingi elfu nane kikombe.

Mwalimu wa hesabu hastaafu. Nilichukua kitambaa cha karatasi nikapiga mahesabu palepale. Kilo moja ya kahawa yenye ganda lake la ndani, ukiikoboa, inabaki kama gramu 800. Ukiikaanga inapungua tena, maji yanatoka, unabaki na gramu 670 hivi. Kikombe kimoja cha kahawa ile ya kuloweka kinataka kama gramu 25. Kwa hiyo kilo moja ya mkulima ni vikombe 26, na vikombe 26 kwa elfu nane ni shilingi 208,000. Nikakumbuka kwamba misimu si mingi iliyopita kilo hiyohiyo ilichukuliwa kwangu kwa pungufu ya nusu ya bei ya kikombe kimoja. Sisemi mwenye duka ni mwizi. Analipa pango, umeme, mishahara, barafu, na yule kijana aliyevaa aproni. Ninalosema ni kwamba kazi yote aliyoifanya juu ya kahawa yangu ni kuikaanga, kuisaga, kuimwagia maji na kulala.

Hilo la kulala ndilo lililonikaa moyoni. Kumbe njia yenyewe haina mashine! Tumekuwa tukiambiwa kwamba kahawa nzuri inahitaji mitambo ya Kitaliano yenye kupiga mluzi. Wajapani wamekuwa wakidondosha maji baridi juu ya kahawa kwa muda mrefu. Huko Houston, Marekani, mwaka 1964, Todd Simpson alitengeneza chombo cha nyumbani cha kulowekea, nacho si zaidi ya ndoo yenye kichujio chini. Mtu mwenye ndoo, kitambaa na subira anaweza kuifanya, na Vudee vitu hivyo vitatu havijawahi kutupungukia.

Basi niliporudi nyumbani nikajaribu. Nitaeleza na makosa yangu, maana mwalimu anayeficha makosa yake hafai.

Nilichukua kilo moja niliyokuwa nimeiacha ghalani kwangu, nikaitwanga kinuni kwa mkono mwepesi, mchi ukigusa tu ili ganda litoke na punje isivunjike, kisha mama watoto akaipepeta kwa ungo. Nikaikaanga katika chungu kipana juu ya mafiga, moto wa wastani, nikigeuza kwa mwiko bila kupumzika. Kwanza inanuka kama majani makavu, kisha kama mkate, halafu inaanza kupasuka kama bisi. Nikangoja mpaka mlio upungue na rangi iwe ya chokoleti, nikaimwaga juu ya ungo na kuipeperushia hewa ipoe upesi. Hapo usichelewe, kahawa inaendelea kujikaanga yenyewe kwa joto lake. Dakika moja ya kuzubaa ikanipa, mara ya pili, makaa matupu. Iliyoiva vizuri iache siku moja au mbili ikitoa hewa yake, kisha itwange.

Kosa langu kubwa lilikuwa katika kutwanga. Nilitwanga mpaka ikawa unga, kwa kuzoea unga wa mahindi, nikaona nimefanya jambo. Asubuhi nikapata tope. Halikuchujika, na lililochujika lilikuwa chungu kama shubiri. Kahawa ya kuloweka haitaki unga. Inataka chenga, kama chenga za mchele anazopewa kuku. Maji yanakaa nayo muda mrefu, kwa hiyo ukiisaga laini yanatoa hata yale yasiyotakiwa. Maji ya moto yana haraka, yanakamua kila kitu kwa dakika chache, kichungu na kitamu pamoja. Maji baridi yanakwenda polepole, na mengi ya yale makali hayayapati. Ndiyo sababu ile ya dukani ilikuwa laini.

Kosa la pili lilikuwa mtungi. Nilifikiri, mtungi wa udongo unapoza maji vizuri, kuna friji gani bora kuliko huo? Kahawa ikatoka nzuri, lakini mtungi ukanywa kahawa kuliko mimi, na kwa wiki nzima maji ya kunywa yalinuka. Mtungi ulinyang'anywa mikononi mwangu na mwenye nyumba, na sikuwa na la kujitetea. Sasa natumia ndoo ndogo yenye mfuniko. Gramu 100 za chenga kwa maji gramu 800, yaani kasoro kidogo ya lita. Nakoroga, nafunika, naiweka chini mahali penye kivuli saa mbili usiku, naichuja saa mbili asubuhi kwa kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa bila sabuni yenye harufu. Haikamuliwi, inaachwa ichuruzike yenyewe. Kinachopatikana ni kikali, hutiwa maji kiasi hichohicho wakati wa kunywa. Kikiwekwa kwenye baridi kinakaa siku kadhaa bila kuharibika. Machicha yanakwenda kwenye shina la mgomba.

Maji lazima yawe yamechemshwa na kupoa. Nasisitiza hili, kwa sababu baridi haiui vijidudu. Jirani yangu mmoja alipoona hivyo alicheka: "Mwalimu, kama umechemsha maji, kuni umeokoa wapi?" Swali zuri. Jibu ni kwamba maji ya kunywa nyumbani kwangu huchemshwa kila jioni, kwa moto uleule ulioivisha makande. Hakuna moto wa pili wa asubuhi. Msitu wa Shengena uko juu yetu pale, umehifadhiwa, na sote tunajua kuni zimekuwa mbali kiasi gani na ni nani anayezibeba. Moto mmoja ukipungua kwa siku, kuna mgongo wa mwanamke uliopumzika.

Watu wana hoja za kunipinga, nami nimezisikiliza.

Kuna wanaosema kahawa si utamaduni wetu, utamaduni wetu ni chai. Hao huwa nawaomba wanionyeshe ule mchai aliopanda babu yao. Chai ni mgeni aliyekaribishwa na mzungu kama wageni wengine. Kahawa ni mtoto wa Afrika: asili ya ile tunayolima sisi ni misitu ya Ethiopia, na Waethiopia hawakungoja mtu awaambie kuwa ni zao la biashara. Karibu nusu ya kahawa yao huinywa wenyewe, mama akiikaanga mbele ya wageni. Wahaya wa Bukoba walikuwa na kahawa yao kabla ya Mjerumani kufika. Waliichemsha na majani, wakaikausha, wakamkaribisha mgeni kwa punje za kutafuna, wakachanjia udugu kwa punje hizohizo. Waswahili wa pwani wana birika lao, vikombe vidogo, kashata na mazungumzo ya kibarazani. Ni sisi tuliolima kwa jasho huku milimani ndio tuliobaki tukiitazama. Na si sisi peke yetu: chini ya sehemu moja ya kumi ya kahawa ya Tanzania ndiyo inayonywewa nchini.

Ndugu zetu Wasabato, ambao Upare ya Kusini tunao wengi na tumeoleana nao, imani yao inawazuia. Sigombani na imani ya mtu. Nawaambia tu kwamba hata asiyemeza anaweza kuonja na kutema. Waonjaji wa mnadani Moshi wanafanya hivyo kutwa nzima.

Wengine wanasema kahawa inapandisha presha na kunyima usingizi. Ni kweli kwa baadhi ya watu, nami mwenyewe siinywi baada ya saa nane mchana. Lakini haohao nawaona wakinywa soda tatu msibani.

Wengine husema Vudee kuna baridi, nani anataka kinywaji cha barafu? Hapo wananipata nusu. Mwezi wa saba, ukungu ukiwa mlangoni, mimi pia siitaki ya baridi. Natia ile kahawa kali katika kikombe, najazia maji ya moto kutoka chupa ya chai, nakunywa nikiwa nimevaa koti. Kuloweka kwa baridi ni namna ya kutengeneza, si amri ya kunywa. Ukishuka Same, kwenye jua lile la tambarare, utaitaka baridi mwenyewe bila kuambiwa.

Hoja moja tu ndiyo inayoniudhi, nayo ni ile ya wasomi wetu wanaokuja na magari meupe: kwamba mkulima akinywa kahawa yake anapunguza mauzo. Wanasema hivyo wakati wao wenyewe wameshika vikombe. Nyumba yangu, ikinywa kila siku, inamaliza kilo chache kwa mwaka. Kiasi hicho kinapotea kila msimu katika matundu ya magunia na katika mizani. Na hasara ya kutoijua kahawa yetu nani ameipigia hesabu? Baridi ilipoangamiza kahawa ya Brazil mwaka 1975 bei ikapanda, tukaezeka mabati, hatukujua kwa nini. Mkataba wa kahawa wa dunia ulipovunjika Julai 1989 bei ikaporomoka, hatukujua kwa nini. Mwaka 1992 mimi, mwalimu mkuu mwenye kujua kusoma, nilichukua jembe na shoka nikang'oa mibuni 140 ya marehemu baba, nikapanda maharage. Nilimng'oa ndugu ambaye sikuwahi kumsalimu. Kama ningekuwa nimeizoea kikombeni, kama watoto wangekuwa wananiuliza asubuhi iko wapi, nadhani ningeiacha walau mistari miwili. Hakuna mtu Vudee aliyeng'oa migomba yake kwa sababu bei ya ndizi imeshuka.

Imebaki mibuni 31 ukingoni mwa mfereji, iliyosalimika kwa uvivu wangu tu. Ndiyo ninayoinywa.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye mkutano wa chama chetu cha msingi nikiwa na chupa moja na bilauri sita. Wazee walinishangaa. Mmoja wao, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu na sasa ana wajukuu, akapewa wa kwanza. Akaonja, akaomba sukari. Nikamwambia sukari baadaye, onja kwanza. Akaonja tena, akanyamaza, akasema, "Hii imevundikwa vizuri. Shamba la nani?" Kumbe ilikuwa yake. Niliomba kilo moja kwa mke wake wiki mbili kabla, bila kumwambia. Alishika ile bilauri muda mrefu, kisha akamgeukia karani na kumwuliza mwaka jana ilipewa daraja gani, na nani aliyeionja.

Karani hakuwa na jibu. Alisema atatafuta katika vitabu.

Hoja yangu niliyoiwasilisha ni ndogo: kabla ya gunia lolote kuondoka, chama kitoe nusu kilo katika shehena ya kila mkulima, ikaangwe, ilowekwe usiku, na asubuhi mwenyewe aonje mbele ya mpimaji kabla daraja halijaandikwa. Gharama yake ni ndoo, kitambaa na mtu wa kukaanga. Mwenyekiti alisema ni jambo zuri lakini halimo katika ajenda, na nikajisikia nimeambiwa nikae chini. Nikakaa. Hoja imesogezwa mkutano ujao, baada ya mengineyo. Nitakwenda na chupa mbili.